Mshiriki wa Nne Anyoosha Mkono

Kosa la kwanza la Profesa lilikuwa kuropoka nyumbani kwamba utetezi wa tasnifu ni wa wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuingia. Hilo jina la Profesa ndugu zake walimbandika wenyewe alipovaa miwani akiwa bado mdogo, na sasa alikuwa anaisaka shahada ya uzamili ya sera za jamii kwa udi na uvumba. Basi wakaja! Mjomba na tai yake, Mama Mkubwa na manukato yaliyotangulia kuingia kabla yake, Mama Mdogo na simu tayari kurekodi. Wakajipanga mstari wa mbele kama wazazi wa bibi harusi.

Kosa la pili lilikuwa tasnifu yenyewe. Kichwa chake kilikuwa kirefu, ukifika mwisho umeshasahau mwanzo, lakini swali lilikuwa moja: kizee akipigwa na kiharusi, na sera ikasema “atatunzwa na familia,” hiyo familia ni nani hasa? Profesa aliuhoji ukoo mmoja kwa kina. Ukoo gani, hakusema. Majina aliyafuta, akawapa watu namba. Maneno yao aliyaacha yalivyo, kwa sababu msimamizi wake alimwambia maneno ya mshiriki hayaguswi. Wenyewe walidhani wanamsaidia mtoto kazi ya shule tu.

Mtahini wa nje, mama mmoja aliyenuna tangu aingie, alifungua ukurasa.

“Hawa watu ni wa kweli? Huyu Mshiriki wa Nne, kila akiulizwa anamsaidiaje mama yake, anajibu, ‘Mkikwama nipigieni.’ Akipigiwa, hapokei. Binadamu gani huyu? Mimi naona umempika. Na kama umempika, hapa shahada hakuna.”

Profesa alilowa jasho. Akimtaja mtu, amevunja ahadi ya kutunza siri aliyoitia saini. Asipomtaja, miaka yake ya kusoma imekwenda na maji.

Mjomba akanyoosha mkono.

“Samahani, mheshimiwa. Simu huwa napokea. Siku ile ilikuwa haina chaji.”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

“Haina chaji tangu mama aanguke?” Mama Mkubwa akamgeukia. “Huna hata haya!”

“Wewe nyamaza, Mshiriki wa Pili!” Mjomba akafunua nakala ya tasnifu iliyogawiwa ukumbini. “‘Hutuma ushauri kila asubuhi kwa ujumbe wa sauti, haji.’ Nani hakujui?”

Mama Mdogo alikuwa anacheka mpaka simu inatikisika. Mtahini akafunua ukurasa mwingine, akasoma kwa sauti: “Mshiriki wa Tatu hufika, hupiga picha na mgonjwa, huondoka.” Mama Mdogo akaishusha simu taratibu, akaitia mkobani.

Mtahini alivua miwani, akafuta machozi. Kumbe naye meno anayo. “Basi yaishe. Hawajapikwa, hawa ni wabichi kabisa. Shahada unayo, binti.”

Profesa alitaka kuruka juu. Lakini yule mama hakufunga tasnifu.

“Amebaki mmoja. Mshiriki wa Kwanza, yule anayemlisha, anayemwogesha, anayemgeuza kitandani. Yupo hapa? Ningependa kumpa mkono.”

Ndugu watatu wakaanza kukagua viatu vyao. Profesa akaona siri imeshamwagika, ya nini kuzoa?

“Ni mama yangu. Hakuja,” alisema. “Alitaka sana. Gauni alilipiga pasi tangu jana. Nilimwomba kila mmoja wa hawa akae na bibi asubuhi hii tu, ili mama naye atoke. Wote walisema hawawezi, wana shughuli.”

“Shughuli gani?”

“Hii hapa. Kuja kunipigia makofi.”