Dhahabu ya Titi la Waisiko

Siku gari jeupe la wakubwa lilipofika machimboni Itiryo, Simioni aliacha karai lake la kuoshea mchanga, akajipenyeza mpaka mbele. Mkewe Waisiko alikuwa na uvimbe kwenye titi, na sasa ulishaanza kupasuka. Zahanati waliwaambia nendeni Mwanza. Mwanza wakaambiwa rudini, mtaitwa. Nani aliwaita?

Daktari kijana akasema kwenye kipaza sauti kwamba huko kwa watafiti dhahabu inafanywa chembe laini kupita vumbi, inapenyezwa ndani ya kansa, inapashwa moto kwa mwanga, na uvimbe unakufa.

"Huku inaletwa lini, daktari?" Simioni akauliza.

"Bado ni utafiti, mzee. Mtajulishwa."

Mkubwa wake akatazama saa. Vioo vikapanda, gari likaondoka. Hata mmoja hakusema: jamani, msijaribu nyumbani.

Dhahabu, kusaga, moto. Kipi hapo Simioni hakukijua? Alisaga mawe kwenye karasha la Ouma, akarudia, akarudia tena, mpaka Ouma akacheka.

"We Mkurya, unatafuta dhahabu au poda ya mtoto?"

"Saga, Mjaluo. Mdomo baadaye."

Akaikamata dhahabu kwa zebaki, kama wachimbaji wote. Ila hakuichoma. Ukiichoma, zebaki inatoka kama moshi, dhahabu inabaki punje ngumu, na daktari alitaka laini. Alibaki na rojo linalong'aa kama bati. Akampaka mkewe juu ya kidonda, akamsogezea jiko la mkaa kifuani, akafunga mlango na dirisha ili nguvu isipotee.

"Baba Mokami," Waisiko akamwambia mumewe, "hii kitu inanibana kifua."

"Ndiyo inaingia, mama. Vumilia."

Ikawa hivyo kila jioni. Fizi za Waisiko zikaanza kutoa damu. Mikono ikatetemeka, hata kikombe ikashindwa kushika. Nyangi, dada yake Waisiko, alipokuja kumwona alianza kukohoa palepale mlangoni.

"Shemeji, mnachoma nini humu? Mtu anakufa huyu!"

"Ugonjwa ndio unatoka," Waisiko akajibu mwenyewe, akitabasamu kwa meno mekundu. "Titi haliumi tena. Dawa wakubwa walituficha, mume wangu kaipata."

Nyangi akatoka mbio kutafuta pikipiki.

"Ongeza, Baba Mokami," Waisiko akanong'ona. "Ongeza kabla hajarudi."

Simioni akafunga mlango kwa komeo, akapaka, akapuliza mkaa mpaka ukawa mwekundu. Pumzi za mkewe zikawa fupi, kisha fupi zaidi, kisha chumbani kukatulia.

Pikipiki ikanguruma uani. Nyangi akagonga kwa ngumi mbili.

"Usigonge, shemeji," Simioni akasema kwa upole. "Ndiyo kwanza amelala."