Kadi Thelathini na Nne za Meneja

Wakati wa masika, mvua ya Uluguru iliponyesha siku kumi na moja mfululizo na kuta za nyumba yetu zikawa majimaji, ukungu wa kijivu uliingia ndani ya kopo la biskuti. Humo baba yangu, Mzee Ernest, alihifadhi kadi thelathini na nne za wachezaji wa timu ya wafanyakazi wa shamba la miwa, timu aliyokuwa meneja wake kabla sijazaliwa. Kila kadi ilikuwa kipande cha manila chenye picha ndogo, jina na namba ya mchezaji.

Baba alikuwa amepoteza karibu kumbukumbu zote. Aliniita dada, au nesi. Jina langu, Winfrida, lilikuwa limemtoka tangu mwaka juzi. Hata hivyo, kila alasiri alifungua kopo, akachagua kadi kumi na moja, akazipanga mezani kuanzia kipa hadi winga wa kushoto, akitaja kila jina kwa sauti ya mtu anayekagua gwaride. Kwa muda huo mfupi nilikuwa na baba. Saa zilizobaki nilikuwa na mgonjwa.

Nilipouona ukungu umefika kwenye picha, nilifanya kile tunachokifanya walimu kwa kila karatasi tunayoihofia. Nilizifuta kadi kwa pamba kavu, nikazianika kivulini, nikaandika orodha yake kwa mfuatano wa alfabeti, kisha nikazipeleka mjini kwa Deepak, mwenye steshenari, ili azipige laminesheni. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kwa sababu plastiki ikishashika haitoki. Nikamjibu kwamba hilo ndilo ninalolitaka. Zilitoka mashinini zikiwa ngumu, zinang'aa, zote za kipimo kimoja, na nilirudi nyumbani nimeridhika kabisa.

Alasiri ile baba alichukua kadi ya kwanza, akapitisha kidole gumba ukingoni, akaizungusha, akapitisha tena. Akaiweka chini, akachukua ya pili. Alizimaliza zote thelathini na nne bila kutaja jina hata moja.

"Dada," akasema, "wachezaji wamekwenda wapi?"

Nilimwambia ni wale wale, nikamsomea majina. Akazisukuma kadi pembeni. Kesho yake hakuligusa kopo. Siku ya tatu hakutamka neno lolote, na siku ya nne akakataa chakula, isipokuwa chai.

Ijumaa alikuja Mzee Jonathan, aliyekuwa kipa wa timu hiyo. Baada ya kuitikia shikamoo yangu alianza na mzaha wake wa kila wiki. "Meneja, leo tena umeniweka benchi?" Jibu la baba lilikuwa moja miaka yote, kwamba kipa anayedaka upepo ashukuru hata kupewa benchi. Safari hii baba aliendelea kuutazama mlango. Mzee Jonathan akaokota kadi mojawapo, akaipapasa.

"Nani amezifunga hivi, Mwalimu?"

"Ni mimi, mzee. Zilikuwa zinaoza."

Akairudisha kadi mezani. "Baba yako haoni, mwanangu. Miaka mingi sasa. Anakuficha tu."

Akanieleza kwamba zamani kadi zilitunzwa katika stoo isiyo na taa, na kabla ya mechi meneja alilazimika kuzitoa gizani. Kwa hiyo aliziwekea alama: chache alizikata pembe kwa wembe, nyingine alizitoboa kwa sindano, nyingine alizikunja mkunjo mwembamba. Mimi nilikuwa nimemwona akizipapasa kila siku, nikadhani ni mapenzi.

Nilirudi kwa Deepak. Alijaribu kadi moja, ya Said, kwa pasi na kitambaa. Plastiki ilibanduka na uso wa Said ukabaki kwenye plastiki. Nikamwomba aache.

Nyumbani nilichukua rula na wembe, nikakata plastiki kufuata ukingo wa manila, kadi baada ya kadi, kwa siku tatu. Nilijua kwamba nikiikata hivyo unyevu utapata njia ya kuingia. Niliendelea kukata. Pembe zilizokatwa zilirudi. Matundu ya sindano yalikuwa yamezibwa, na mikunjo ilikuwa imenyooshwa na joto la mashine.

Nikampangia kumi na moja. Kidole chake kikasimama kwenye pembe ya kwanza.

"Jonathan," akasema.

Nikakaa kando yake. Ya pili akasema Oscar, ya tatu Erick. Ya nne ilikuwa laini pande zote. Gumba likazunguka, likarudi, likazunguka. Nilisubiri kama ninavyomsubiri mwanafunzi aliyesimama mbele ya ubao, kisha nikasubiri zaidi ya hapo. Alipoanza kuisukuma kadi pembeni, nikamtajia.

"Akbarali."

"Akbarali," akarudia.

Nikamtajia ya tano, akarudia. Ya sita, akarudia, kwa sauti yangu mimi, ile ya kufundishia, ikipanda mwishoni mwa kila jina. Tuliendelea hivyo hadi winga wa kushoto. Kisha akageukia upande niliokaa.

"Nimepata zote, dada?"

Nikamwambia amepata zote.