Plagi Nyeupe

"Usiniambie mafuta, Mwesiga. Hilo neno nimeshalishiba."

"Sasa nikwambie nini? Uchafu ukishaingia kwenye tenki unakaa. Ukijaza mafuta mapya juu yake umechanganya tu."

"Kila siku unaitengeneza, inapona, nikifika Muhutwe inaanza tena. Naachia moto, injini yenyewe inapanda mlio kama ina pepo. Nikisimama, inazima. Jana imenizimikia mlimani nimebeba mama mjamzito. Alishuka akatembea, Mwesiga. Na tumbo lile."

Hapo fundi akachuchumaa kando ya pikipiki. Aliinama akajifanya anatafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Mwesiga alikuwa na gereji ya mabati pale Bilele, na mikono yake ilijua pikipiki kuliko alivyowahi kujua kitabu chochote kabla hajaacha shule. Datius, huyo aliyekuwa amesimama na helmeti kwapani, alikuwa bodaboda wa kijiwe cha Muhutwe, huko Muleba. Alikuwa anakuja mpaka Bukoba mjini kwa sababu aliambiwa Mwesiga hakosei.

Na Mwesiga alikuwa amekosea, tena anajua wapi. Kati ya kabureta na injini kuna kipande kifupi cha bomba, mafundi wanakiita manifoldi. Hapo ndipo petroli na hewa zinapopita zikiwa zimeshachanganywa. Kinatakiwa kikae kwenye injini kama mdomo wa mtoto kwenye ziwa, hewa ya pembeni isipite. Siku ya kwanza Datius alikuwa na haraka, Mwesiga naye akawa na haraka kumshinda. Akachomeka chuma kirefu kwenye mpini wa spana ili akaze kwa nguvu, akakaza mpaka manifoldi ikalia. Aluminiamu haina ugomvi, inapinda tu. Masikio yake, pale bolti zinapopita, yakainuka, hewa ikapata njia. Kuanzia siku hiyo alikuwa anapaka gundi ya silikoni, na petroli inaila ile gundi polepole mpaka inakuwa kama uji. Wiki haijaisha, Datius huyo amerudi.

Mara ya pili aliporudi, Mwesiga alichomoa plagi. Ilikuwa nyeupe kama imepakwa chokaa. Fundi yeyote anajua plagi nyeupe maana yake injini inavuta hewa nyingi. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa ingeifanya nyeusi, yenye masizi. Lakini aliishika mbele ya macho ya Datius, akasema, ona mwenyewe, haya ndiyo mafuta yenu ya chupa.

Jina la mtu hakulitaja. Mara nyingi usiku alijituliza kwa hilo. Datius ndiye aliyesema, kumbe Ma Alistidia, yule mama anayewauzia petroli ya chupa pale kijiweni. Yeye Mwesiga alipandisha mabega tu.

Sasa Datius, hasira zikiwa zimempungua kidogo, akakaa kwenye tairi bovu akaanza kusimulia, bila kujua anamchoma nani. Kwamba ile plagi alienda nayo kijiweni wakaitazama wote. Kwamba hakuna bodaboda anayenunua tena kwa yule mama. Kijana mmoja aliipiga teke meza yake, chupa zikavunjika, petroli ikaingia mpaka kwenye mtaro. Na pale kanisani kwao, Kilutheri, wameshamwambia apumzike kwaya kwanza mpaka maneno yatulie.

"Mjane mzima anatuuzia mafuta ya taa," Datius alisema. "Afadhali angeiba."

Mwesiga akamwambia aende akale ndizi, hii kazi itachukua muda.

Alipobaki peke yake hakugusa gundi. Alifungua manifoldi, akaiweka juu ya kipande cha kioo, akainamisha kichwa. Mwanga ulipita chini yake waziwazi, kama chini ya mlango. Akatandika msasa kwenye kioo, akaanza kuisugua kwa kuizungusha, taratibu, anapima, anasugua tena, mpaka uso mzima ukang'aa sawasawa. Akaweka gasketi mpya ya dukani, si ile ya kukata kwenye boksi. Akakaza kwa mkono mtupu, bolti hii kidogo, ile kidogo. Akawasha, akanyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio yote kutafuta pa kupitia hewa. Injini haikushtuka. Ilikuwa inanguruma polepole, sauti moja, kama paka aliyeshiba.

Halafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyemtuma. Alikinga petroli ya tenki kwenye chupa nyeupe akaiinua juani. Kidole chake alikiona upande wa pili, hamna hata chembe ya uchafu. Akaimimina yote tena ndani, akafunga kifuniko.

Datius aliporudi alipiga kiki moja tu. Akasikiliza, akatabasamu kama mtu aliyepewa mtoto.

"Kwa hiyo ni tenki ulisafisha?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Mwesiga akafuta mikono kwenye suruali.

"Nimesafisha," alisema.

"Fundi wewe. Panda twende, wakaisikie kijiweni."

Akapanda. Njia nzima mpaka Muhutwe alikuwa anaomba injini imisi. Ikohoe hata mara moja kwenye mlima, apate pa kuanzia kusema kweli. Haikukohoa. Hajawahi kutengeneza pikipiki vizuri namna ile, na kila mlima ilioupanda ulikuwa unamfunga yule mama zaidi.

Kijiweni wakawazunguka. Datius aliiacha inanguruma, akatangaza kwamba hivi ndivyo inavyolia pikipiki ikiacha kunywa uchafu wa Ma Alistidia. Wakacheka. Mmoja akampiga Mwesiga begani, akasema huyu ndiye daktari aliyegundua ugonjwa. Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja wa makamo alikuwa amekaa nyuma ya meza iliyofungwa mguu kwa kamba. Mezani kulikuwa na chupa mbili. Alikuwa anasikia kila kitu.

Mwesiga akavuka. Hakuwa amepanga, miguu ndiyo ilivuka.

Akamsalimia kwa Kihaya, akiinama kama inavyotakiwa. Ma Alistidia akaitikia vizuri, maana salamu haina kosa. Kisha, kwa sababu mtu amefika kwake na mgeni ni mgeni, akafungua kipande cha jani la mgomba akampa kahawa ya kutafuna. Mwesiga akapokea kwa mikono miwili. Akaitia mdomoni, ikawa chungu kuliko kahawa yoyote.

"Waitu, Ma," alisema kwa heshima, kwa sauti ya chini, mgongo ameupa kijiwe. "Mafuta yako hayakuwa na kitu. Ni mimi nilikaza vibaya, nikapindisha chuma. Nikasingizia mafuta."

Mama yule akalifunga tena jani lake. Hakuonekana kushangaa.

"Mimi nilijua sijachanganya," alisema. "Hilo hukuja kunifundisha. Wale wanajua?"

"Bado, Ma."

"Basi wako pale. Waambie."

Mwesiga akageuza shingo. Datius alikuwa amempandisha mtu mwingine ajaribu, wanapokezana, wanacheka. Akilini aliiona gereji yake ya Bilele, akaona mlango wake usio na mtu, akaona Datius atakavyomtazama. Akaurudisha uso chini kwenye zile chupa mbili.

"Nitawaambia, Ma. Taratibu. Mmoja mmoja."

"Mwana wange, ulipomwonyesha Datius ile plagi, ulinong'ona?"

Kahawa ilikuwa bado mdomoni.

"Fundi!" Datius aliita kutoka ng'ambo. "Njoo uwaeleze hawa ile taa inavyoua injini."

Ma Alistidia akasubiri. Akampa nafasi yote, kama mtu anayesubiri mgeni amalize kuvaa viatu. Mwesiga akaendelea kuitafuna ile kahawa. Basi yule mama akazichukua chupa zake, moja kila mkono, akamgeuzia mgongo na kuondoka akipita katikati ya migomba.