Zebaki Juu ya Chemchemi

Ritha, mwenyekiti wa kamati ya maji kijijini karibu na Nyarugusu, alimkuta kaka yake Nestory mchana kweupe akiosha mchanga wa dhahabu kwa zebaki, hatua chache juu ya chemchemi. Damu ikamchemka.

“Kaka, sumu hii wanao wataichota jioni!”

“Usinizibie riziki, mdogo wangu. Maji yanatembea.”

Ritha akaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji, akarudi na mgambo. Nestory akachukuliwa pamoja na mabeseni yake.

“Umemfungisha ndugu wa tumbo moja!” mama yao akalia.

“Mama, nawe unakunywa palepale!”

Mama akampa mgongo. Kesho yake Ritha aliizungushia chemchemi miiba peke yake. Majirani walikuwa wakimwona Nestory pale tangu masika, na hakuna aliyefungua mdomo.