Hotpoti ya Mama Loreen

Niliota usiku wa jana kwamba hotpoti ya jirani imekaa juu ya meza yangu ya jikoni, imenuna.

Mama Loreen aliniletea pilau ndani yake Jumapili, nami sikuwa nimeirudisha. Hapa Goba tunatenganishwa na ukuta tu. Mimi na mume wangu Gwamaka tulikuwa tumenuniana kwa sababu ya soksi zake juu ya friji, na kupitia dirishani nilikuwa nimemchungulia Baba Loreen akianika nguo. Mabega yale. Nilitamani, sitaki kudanganya.

"Nataka kwenda kwetu," hotpoti inasema. "Na chombo cha jirani hakirudishwi kitupu."

"Sina cha kukuwekea."

"Una mume."

Gwamaka anaingia, anakunja magoti, anajilaza ndani. Anaenea vizuri kabisa. "Nifunike, mke wangu, nisije nikapoa." Nafunika, naipitisha juu ya ukuta.

Papo hapo Baba Loreen yuko jikoni kwangu. Anaosha vyombo vyote, hata vilivyo safi. Kisha ananionyesha namna sahihi ya kukaa kwenye kochi langu mwenyewe.

Nacheka.

"Punguza sauti, shemeji," anasema. "Majirani watasikia."

Majirani hawasikii kitu. Wanacheka kuliko mimi. Gwamaka anawasimulia kisa cha mbuzi wa mahari aliyepanda gari la bibi harusi na kukataa kushuka. Kisa hicho nimekisikia mpaka nikakichoka. Leo kinanichoma moyo, kwa sababu kinasimuliwa kwa watu wengine.

Nagonga ukuta. "Mama Loreen, nirudishie mume wangu."

"Subiri kidogo, jirani. Hajafika mwisho."

"Mwisho naujua mimi."

"Basi mlete wangu kwanza."

Hotpoti inakuja yenyewe, ikitembea juu ya ukuta. Namwingiza Baba Loreen, lakini mabega hayaingii. Yale yale niliyoyatamani. Ghafla jikoni pamekuwa ukumbi wa harusi yetu, wageni wote wameketi, na mshereheshaji anatangaza kwamba kifuniko kisipofunga, kila mtu atabaki alipo. Mama mkwe anaanza kulia. Nakalia kifuniko kwa uzito wote niliojaliwa.

"Unakaa vibaya, shemeji," inasema sauti kutoka ndani.

Kifuniko kinafunga. Wageni wanapiga vigelegele, nami naamka.

Gwamaka alikuwa kando yangu, magoti yamekunjwa mpaka kidevuni. Nilimkumbatia kwa nguvu, soksi nikazisamehe, angalau za wiki hii. Kisha nikamtikisa bega.

"Baba, hebu nisimulie ile ya mbuzi."

Hakufungua hata macho. Sauti ilikuwa imemkauka kama ya mtu aliyekesha akiongea.

"Nianze upya," akauliza, "au pale uliponikatiza?"