Mama Alipousoma Mswada

Igoki Munyi hakuwa mwoga wa kalamu. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amewaandikia watoto yale ambayo watu wazima huyanong'ona jikoni: baba aliye gerezani, mvulana mkubwa anayekojoa kitandani, msichana aliyepata mimba kabla ya mtihani. Walimu wengine walimsifu, wengine walimrudishia vitabu vyake. Jibu lake lilikuwa moja: mtoto aliyeyaona hayo ana haki ya kuyasoma.

Lakini mswada wa safari hii ulimshinda kuutoa. Ulikuwa umekamilika tangu Machi, ukiwa umelala mezani nyumbani kwake mtaani Majimbo, huku mhariri akipiga simu kila wiki. Ilikuwa hadithi ya msichana aitwaye Kathambi, ambaye mama yake aliugua akili. Na mama huyo, hata angebandikwa jina gani, alikuwa Veronicah, mamake Igoki, aliye hai huko Kiambere na ambaye kila mtu kanisani anamjua.

Jumamosi moja akautia mswada kwenye bahasha, akateremka Kiambere.

Alimkuta mama yake uani akichagua ndengu. Wakanywa chai, wakaulizana habari za mvua na za mbuzi. Mwishowe Veronicah akacheka.

"Igoki, bahasha yote hiyo ni ya nini? Umekuja kuniuzia shamba?"

"Ni kitabu, Mama. Kinahusu ile miaka uliyougua. Majina nimebadilisha. Ukikataa nitakichoma, na sitakulaumu."

Veronicah alijifuta mikono kwa leso, akaingia ndani kuchukua miwani. Akarudi, akasoma pale pale kigodani, midomo ikicheza, neno kwa neno kama asomavyo Biblia. Igoki akauvuta ungo wa ndengu ili mikono yake ipate kazi. Jua likapanda. Mara moja mama alicheka, pale Kathambi alipopika ugali ukawa uji.

"Hapa," akasema, kidole kikiwa juu ya mstari. "Hebu soma."

Igoki akasoma: "'Mama alifunga mlango kwa ndani. Kathambi alibisha mpaka mikono ikamuuma, lakini mama yake hakumtaka tena.'"

"Huo ni uongo," Veronicah akasema, pole pole, bila hasira.

"Mama, ulifunga. Nilikuwa na miaka minane, lakini nakumbuka."

"Kufunga nilifunga, sikatai. Uongo ni hiyo sehemu nyingine." Akavua miwani. "Mdogo wako alikuwa amenifia, hata miezi miwili hana. Baada ya hapo nikaanza kusikia sauti. Siku hiyo ziliniambia mambo ya kukufanyia wewe. Hata leo siwezi kuyatamka. Nikaona mikono yangu si yangu. Nikakusukuma nje, nikatia komeo, nikaketi nimeegemea mlango. Kila ulipobisha nilikusikia hapa." Akajigusa mgongoni. "Nilikaa hivyo mpaka jirani yetu, mama Muchangi, alipokuja kukuchukua. Nilikutaka, mwanangu. Ndiyo maana sikufungua."

Miaka thelathini na zaidi Igoki alikuwa amelibeba lile jeraha, akajenga hata vitabu juu yake, na kumbe nusu yake hakuijua. Akainama, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, akalia kwa kwikwi kama mtoto. Ungo ukapinduka, ndengu zikatapakaa.

"Na sasa umenimwagia chakula," Veronicah akasema, akimpapasa kichwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa. Nikadhani umesahau. Nikasema, ya nini kumwamsha mtoto aliyelala?"

Walipokuwa wameinama pamoja wakiokota ndengu, Igoki akauliza, "Kwa hivyo nikichome?"

"Ukichome, na kuna mtoto mwingine mahali fulani sasa hivi anayefikiri hatakiwi? Kiandike. Ila uandike ukweli. Useme mama huyo anameza dawa, na siku zingine anakuwa sawa, na siku zingine bado. Usiwadanganye watoto."

Igoki aliandika ule ukurasa upya jioni hiyo, mama yake akiwa kando akimsahihisha.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Siku Igoki alipoenda kukisoma katika shule moja mjini Embu, Veronicah alikuja, amevaa suti yake ya kanisani, akaketi kwenye benchi la mbele. Hadithi ilipokwisha, yeye mwenyewe akawaambia watoto kuwa mama wa Kathambi ni yeye. Watoto walipotawanyika, msichana mmoja wa darasa la sita alibaki. Alimpita mwandishi na kalamu yake, akaenda kusimama mbele ya mama mzee.

"Shosho," akasema akitazama viatu vyake, kama anayemwambia nyanya yake, "hizo sauti huwa zinaisha?"

Veronicah akajibu, "Zangu zilipungua. Zikirudi, namwambia daktari. Kwenu ni nani anazisikia?"

"Ni baba."

"Haya. Si makosa yako, na si makosa yake." Veronicah akasogea, akapigapiga benchi kwa kiganja. "Keti hapa uniambie."

Msichana akaketi. Igoki akatoka taratibu kumtafuta mwalimu wa ushauri, akawaacha wawili hao wazungumze.