Ufa wa Jikoni

Fundi mwashi aliitwa na mama mmoja mjane kuziba ufa wa ukuta wa jikoni, basi. Alipouziba, mama akataka na kizingiti kiinuliwe. Kizingiti kikazaa rafu, rafu ikazaa ngazi ya uani. Jumapili moja asubuhi maji yakamfika fundi shingoni. Akautupa mwiko kwenye ndoo ya saruji.

"Mama, kazi gani hii isiyo na mwisho? Leo tukubaliane inaishia wapi, la sivyo mimi sirudi!"

Mama hakukasirika. Aliendelea kupangusa vumbi kwenye viti vinne alivyovipanga uani.

"Mwanangu, tangu uanze, wanangu wanakuja kila Jumapili kukagua. Wanabishana juu ya saruji yako, wanakula, wanacheka. Kabla ya ule ufa walikuwa wananipigia simu tu. Haya, niambie wewe: iishie wapi?"

Fundi aliinama, akauokota mwiko. Akaingia jikoni, akasimama mbele ya ukuta alioziba kwa mikono yake mwenyewe, umenyooka, hauna hata mkwaruzo.

"Mama," akaita, "huu ufa naona umerudi."